Pango la Efeso si la upande mmoja

Mhariri,

Jumapili iliyopita mwandishi wenu wa safu ya historia alieleza habari za pango la Vijana Saba wa Efeso (mji wa kale, sasa ni Uturuki), wale waliolala pangoni miaka mingi, akamalizia kwamba ni mahali pa hija ya Wakristo tu, na kwamba Waislamu hawana habari nalo. Mimi ni Mwislamu, kila Ijumaa nasoma Suratul Kahf, sura ya Qur'ani yenye kisa cha vijana hao, na pango lenyewe nimefika.

Mwaka 1988 nilikuwa baharia. Meli ilitia nanga Izmir, winchi ikaharibika, tukapata siku mbili za bure. Mimi na mwenzangu wa Pemba tukapanda basi hadi Selçuk, tukamalizia kwa miguu mpaka ubavuni mwa mlima. Tukakuta uzio wa waya umefungwa vitambaa na karatasi za nadhiri mpaka waya hauonekani. Mwenzangu akacheka: "Bwana we, hapa mzimuni!" Nikakumbuka mapango ya Amboni, kwetu Tanga. Nyuma ya uzio ni kanisa ndani ya mwamba, na makaburi kila mahali, yamebanana kama vitanda vya mabaharia. Watu walitaka wazikwe karibu na wale saba. Waaustria waliofukua pale mwaka 1927 na 1928 walikuta taa za udongo kwa mamia, na ukutani maandishi ya mahujaji.

Wakristo wanasimulia kwamba vijana walikimbia mateso ya Kaisari Decius wa Rumi, mnamo mwaka 250, wakazibiwa pangoni, wakalala, wakaja kuamka enzi za Theodosius wa Pili (408–450). Mmoja akatumwa mkate. Muuzaji kuitazama sarafu, ina sura ya Decius! Akakamatwa, eti kafukua hazina. Ukipiga hesabu, hapo haitimii miaka 200, nasi katika Qur'ani tunasoma kwamba walikaa pangoni miaka 300 na kuongeza 9. Sibishani na mtu. Qur'ani haikutaja mji, na hata idadi yao imeachiwa Mola: watatu na mbwa wa nne, watano na mbwa wa sita, saba na mbwa wa nane. (Huyo mbwa, kanyoosha miguu yake kizingitini, ndiye niliyempenda tangu chuo cha Qur'ani.) Kwa hiyo hukohuko Uturuki, Tarsus wanadai pango ni lao, Afşin vilevile, na Jordan liko jingine karibu na Amman, nako Waislamu wanazuru. Hata Ufaransa, kule Vieux-Marché, Profesa Louis Massignon, Mfaransa mtaalamu wa Uislamu, aliwaalika Waislamu mwaka 1954 wahiji pamoja na Wakatoliki kwenye kanisa la Watakatifu Saba. Mwandishi wenu hakugusa hata moja. Naomba mrekebishe, na ukurasa uwe uleule, si pembeni chini ya matangazo ya vifo.

Siku ile, njiani tukirudi, mama mmoja alituuzia mkate mfano wa chapati wenye jibini ndani. Katika chenji nikabaki na noti ya lira 1,000. Mwaka 2005 Waturuki wakafuta sifuri sita, noti yangu ikawa haifikii hata kuruş moja, yaani senti yao. Juzi mjukuu wangu aliipeleka mjini kwa wabadilisha fedha, wakaigeuzageuza, wakamuuliza babu yake alikuwa amelala wapi. Nimeirudisha msahafuni, palepale kwenye Suratul Kahf.

Baharia mstaafu,
Tanga