Fulana za jumla Kariakoo ziwekwe lebo ya kweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nifikishe kilio cha sisi tunaochapa fulana na jezi mjini hapa. Mimi ni mama, nina ofisi ndogo ya kuprinti Buguruni, na ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba na mahitaji ya watoto shuleni. Ninachoomba ni kwamba fulana tupu zinazouzwa kwa jumla Kariakoo ziwe na lebo inayosema kweli kuhusu kitambaa: pamba asilimia ngapi, poliesta asilimia ngapi. Na risiti iseme hivyo hivyo.

Asiyeifahamu kazi hii anaweza kuona ni jambo dogo. Kwetu kitambaa ndicho kinachoamua wino gani utumike, mashine iwekwe joto gani, na hata kama oda yenyewe ipokelewe au ikataliwe. Ukidanganywa kitambaa, ufundi wote ulionao hautakusaidia.

Chukua sablimesheni, ambayo siku hizi kila timu ya mtaa inaitaka. Picha inachapwa kwanza kwenye karatasi, kisha karatasi inalazwa juu ya kitambaa chini ya hiti presi, mashine ya kubana kwa joto, yenye joto la nyuzi 200 za Selsiasi hivi kwa muda usiozidi dakika moja. Kwa joto hilo wino unageuka mvuke, unaingia ndani ya nyuzi za poliesta na kubaki humo. Ndiyo maana ukipitisha kiganja juu ya nembo ya jezi ya namna hiyo husikii kitu, na haibanduki hata uifue mwaka mzima. Lakini wino huo unashikana na poliesta tu. Ukiuweka kwenye pamba, picha itatoka presini imependeza, halafu itaondoka na maji ya kwanza ya kufulia. Ukiuweka kwenye mchanganyiko, sehemu ya poliesta itashika na sehemu ya pamba itaachia, na nembo itapauka ionekane ya zamani kabla hata ligi haijaanza. Tena wino huo hauna rangi nyeupe na hauonekani juu ya kitambaa cheusi. Jezi nzuri za sablimesheni huchapwa kwenye kitambaa cheupe, kikakatwa na kushonwa baadaye.

Skrini, yaani kusukuma wino kupitia fremu yenye wavu, ni habari nyingine. Kila rangi ina fremu yake, kwa hiyo nembo ya rangi nne ni fremu nne, na kazi ya kuziandaa ni ile ile uwe na fulana kumi au mia tano. Mteja mwenye fulana kumi nitamwambia ukweli kwamba skrini itamgharimu sana bila sababu. Mwenye mia tano za rangi moja, sijaona njia ya kuishinda. Wino wa plastisoli, ule mzito wa plastiki unaokaa juu ya kitambaa, unataka joto la kama nyuzi 160, na joto hilo lifike mpaka chini ya tabaka la wino. Ukikauka juu tu, utakuja kupasuka-pasuka baada ya kufuliwa mara chache. Pamba inalivumilia joto hilo bila shida, lakini poliesta ya rangi kali haiwezi, na hapo ndipo kijana mmoja jirani yangu alipoumia.

Alipata oda ya fulana nyekundu za michezo za shule moja, namba nyeupe mgongoni. Alinunua mzigo kwenye duka la jumla, lebo ndani ya kola ikisema pamba asilimia 100. Akachapa kwa plastisoli ya kawaida na kukausha kwa joto linalotakiwa, namba zikatoka nyeupe pe. Alizipeleka Ijumaa. Jumatatu mwalimu wa michezo akarudi na mfuko, namba zimekuwa za pinki. Zile zilizokaa chini ya rundo zilikuwa zimekolea zaidi.

Kilichotokea ni kwamba kitambaa kilikuwa poliesta. Rangi inayotumika kutia poliesta wekundu ikipata joto kali hugeuka mvuke, hupanda na kuingia kwenye wino ulio juu yake, na haiishii pale mashineni, inaweza kuendelea kupanda kwa siku kadhaa. Ndiyo maana alipokabidhi mzigo hakuona kasoro. Angejua ni poliesta angetumia wino wa joto dogo uliotengenezwa kwa ajili hiyo, na chini yake angetandika tabaka la kijivu la kuzuia rangi isipande. Vifaa hivyo vinapatikana na anavijua vizuri. Shule ilikataa kumlipa salio, na siwalaumu, maana watoto hawawezi kwenda uwanjani na namba za namna ile. Dukani akaambiwa mali ikishatoka hairudishwi. Risiti aliyokuwa nayo iliandikwa "nguo". Angeshitaki kwa karatasi gani?

Tangu siku ile mtaani kwetu hakuna anayegusa oda kubwa kabla ya kuchoma uzi. Ninavuta uzi kwenye pindo la ndani, naushika kwa kibano, nawasha kiberiti. Pamba inashika moto mara moja, inawaka kwa mwali wa njano na kunuka karatasi inayoungua. Mwali ukizimika, cheche nyekundu inaendelea kutambaa kwenye uzi, kisha linabaki jivu laini la kijivu ambalo ukilifikicha kati ya vidole linapotea. Poliesta inaukimbia moto. Uzi unajikunja kabla haujaguswa, unayeyuka, unatoa moshi mweusi, na mwisho unaacha kidonge cheusi kigumu ambacho ukikibonyeza kwa ukucha hakivunjiki. Mchanganyiko unakupa vyote viwili, jivu lenye punje ngumu ndani yake. Ninawafundisha hivyo vijana wote wanaokuja kujifunza kwangu, na nawasihi wafanye nje, mbali na dawa za kusafishia skrini.

Lakini kiberiti hakinipi asilimia. Hakinielezi kama mchanganyiko ni nusu kwa nusu au pamba ni kidogo tu ya kuzugia, wakati tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama sablimesheni itakubali. Wala siwezi kusimama Mtaa wa Kongo katikati ya msongamano wa Desemba nikaanza kuchoma nyuzi za bidhaa ya mtu. Nitachoma nikisharudi ofisini, pesa yangu imeshaondoka.

Vijana wengine wananiambia nimepitwa na wakati, kwamba siku hizi kuna printi ya filamu, ile wanayoiita DTF, ambapo picha inachapwa kwenye filamu kisha inabandikwa kwa joto, na inashika kitambaa chochote. Ninaitumia na ninaipenda. Kwa majina ya wachezaji, au kwa mtu anayetaka fulana tatu zenye picha ya mama yake aliyetimiza miaka sabini, ndiyo jibu. Ila inahitaji joto la nyuzi 150 hivi ili gundi yake ya unga iyeyuke na kushika, na joto hilo linatosha kabisa kuamsha wekundu wa poliesta ukapanda kwenye nyeupe ya filamu. Linatosha pia kuacha alama ya mraba inayong'aa kwenye poliesta nyepesi, na alama hiyo haitoki. Unga wenyewe nao hautaki unyevu. Wakati wa masika, usipoufunika vizuri, unashikamana mabonge na kung'ang'ania sehemu usizozitaka. Kwa hiyo hata kwa filamu, swali la kitambaa liko pale pale.

Mpaka hapa nimeongelea upande wa fundi. Anayevaa naye ana haki yake. Pamba hunyonya unyevu na kuutunza. Katika hali ya kawaida peke yake hubeba unyevu wa karibu asilimia 8.5 ya uzito wake, wakati poliesta haifikii hata asilimia moja. Ndiyo maana fulana ya pamba ya gramu 180 kwa mita ya mraba ni raha kwa mwanakwaya, kwa mhudumu wa dukani, kwa mtu anayekaa na kutembea. Mpe mchezaji fulana hiyo hiyo saa kumi jioni mwezi wa Februari, Dar es Salaam, na kabla ya mapumziko italowa, itakuwa nzito na kumng'ang'ania mgongoni. Yeye anahitaji poliesta nyepesi ya gramu 130 hadi 150, yenye matundu, inayolipeleka jasho nje likauke. Lakini poliesta nzito isiyo na matundu, zile fulana za kola tunazoziita fomu siksi, zinazong'aa, wanazovalishwa watoto kwenye gwaride, ni mateso. Nimewahi kuikataa oda ya namna hiyo ya watoto wa chekechea na nitaikataa tena.

Na wadhamini naomba wanisikie. Mdhamini wa mbio anataka nembo yake ijae kifua kizima, kwa plastisoli, juu ya fulana ya kukimbilia. Lile tabaka halipitishi hewa. Mkimbiaji anatoka jasho nyuma ya nembo na jasho halina pa kwenda. Punguzeni ukubwa, au lipeni sablimesheni ambayo haiongezi uzito wala kuziba matundu. Mtu aliyekimbia kilomita 21 akiwa na raha ataivaa fulana yenu tena mtaani, na tangazo lenu litaendelea kutembea bure.

Wateja wengi wanakuja na picha kwenye simu: "Mama, nataka kama hii, bei gani?" Kamati za shule ndizo zinazonisikitisha zaidi, maana zinashindanisha mafundi watatu kwa bei tu, na anayeshinda ni aliyenunua fulana nyepesi kuliko wote. Mteja ninayemheshimu ni yule anayeanza na fulana moja. Naichapa, anakwenda nayo nyumbani, anaifua mara tatu nne kwa sabuni ile ile ya unga anayotumia siku zote, anaianika juani, kisha anarudi tuitazame pamoja. Hapo ndipo tunaongea bei. Mteja huyo hatujawahi kugombana.

Turudi kwenye lebo. Marekani ilipitisha tangu mwaka 1958 sheria inayotaka nguo itaje nyuzi zilizomo na asilimia zake. Umoja wa Ulaya una kanuni yake ya mwaka 2011 inayodai vivyo hivyo. Viwanda vinavyotushonea fulana China na Bangladesh ndivyo hivyo hivyo vinavyoshona za kupeleka huko, kwa hiyo kuandika lebo ya kweli si jambo wasilolijua. Wataandika ikiwa mnunuzi atadai. Inaniuma kwamba sisi, nchi inayovuna pamba Simiyu, Shinyanga na Geita, tuliokuwa na kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kikitoa kanga na vitenge tangu mwaka 1968, leo tunakisia pamba kwa njiti ya kiberiti.

Kwa hiyo ninawaomba Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambao wamekabidhiwa viwango vya nchi hii tangu mwaka 1975, waziangalie fulana tupu zinazoingia kwa makontena kama wanavyoangalia bidhaa nyingine, wachukue sampuli na kulinganisha lebo na kitambaa. Maabara inaweza kutoa asilimia ambazo kiberiti changu hakiwezi. Jezi bandia za Simba na Yanga zinapokamatwa tunafurahi, kwa sababu klabu zinapata haki yao. Fulana tupu iliyoandikwa uongo inamuumiza fundi ambaye hana klabu ya kumsemea.

Kwa wafanyabiashara wenzangu wa Kariakoo ombi langu ni dogo zaidi na halihitaji kumsubiri mtu. Kwenye risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, acheni kuandika "nguo". Andikeni "fulana, poliesta 100" au "fulana, pamba 60 poliesta 40", kama mlivyoagiza mzigo wenyewe, maana mnapoagiza mnakijua kitambaa na ndicho kinachowapangia bei. Fundi akija na malalamiko atakuwa na karatasi, na ninyi mtakuwa na karatasi ya kumrudia aliyewauzia. Nasi mafundi tuandike kwenye risiti zetu kitambaa na aina ya printi. Mimi nimeshaanza. Wateja wengine wanashangaa, lakini wengine sasa wanauliza wenyewe.

Oda za jezi za UMISETA na UMITASHUMTA, michezo ya shule za sekondari na za msingi, huanza kuingia kwetu miezi michache kabla ya michezo ya katikati ya mwaka. Ningependa viongozi wa wafanyabiashara wa Kariakoo walizungumze jambo hili na wanachama wao kabla ya hapo. Wakihitaji fundi wa kuwaonyesha uzi unavyoungua, nitakuja na kibano changu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama mchapa fulana,
Buguruni, Dar es Salaam