Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kuhusu wanawake waliovushwa mpaka

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia kutoka mji wa Lamu, ambako nimekuwa msaidizi wa sheria wa kujitolea kwa miaka mingi, kuhusu uhalifu ambao ofisi yako ina mamlaka kamili ya kuushtaki, lakini ambao mimi sijapata kuuona ukitajwa kwa jina lake katika hati yoyote ya mashtaka upande wetu huu. Nazungumzia wanawake na wasichana wa pwani waliorubuniwa au kutekwa, wakavushwa mpaka hadi Somalia, wakatiwa mikononi mwa wapiganaji wa Al-Shabaab na kubakwa au kuozwa kwa nguvu, kisha baadhi yao wakajaliwa kurudi.

Habari hizi si siri. Tangu mwaka 2017 vyombo vya habari vya kimataifa vimewanukuu wanawake wa Mombasa na sehemu nyingine za pwani wakieleza jinsi walivyoahidiwa kazi, wakajikuta msituni wakipokezanwa na wanaume waliobeba bunduki. Sisi wa Lamu tunaujua mpaka huo, tunaujua msitu wa Boni, na tumeishi na vita hivi tangu majeshi yetu yalipoingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011, tukapitia mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 na operesheni ya kijeshi ya Linda Boni iliyoanza Septemba 2015. Kwa hiyo atakayesema kwamba hakuna mgogoro wa kivita ambao makosa haya yanaweza kuhusishwa nao, basi aje atueleze sisi tuliokuwa tukisafiri kwa misafara ya polisi kutoka Garsen hadi Mokowe.

Mwanamke anayerudi kutoka huko hashuki tu mashuani akaenda kituo cha polisi. Swali la kwanza ninaloulizwa, mara nyingi na mama yake au na shangazi wala si na yeye mwenyewe, si hospitali gani nzuri wala kesi huchukua muda gani. Huulizwa hivi: akisema alikokuwa, hawatamfunga? Swali hilo lina mantiki. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012 kinamwekea mtu aliyekuwa mwanachama wa kundi la kigaidi kifungo kisichozidi miaka 30, na mwanamke aliyekaa kambini, akapika, akafua na kuzaa, anajua kwamba afisa asiyemjua anaweza kuyaona mambo hayo kuwa ni uanachama. Matokeo yake ni kwamba shahidi pekee wa kosa kubwa kabisa ndiye anayejificha zaidi, na yule aliyemtendea hana habari na sisi wala na wewe.

Mheshimiwa, hofu hiyo unaweza kuiondoa kwa waraka mmoja, maana sheria iko tayari. Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Watu ya mwaka 2010, katika kifungu chake cha 14, inamkinga mwathiriwa asishtakiwe kwa tendo la jinai lililotokana moja kwa moja na kusafirishwa kwake. Sioni kwa nini kinga hiyo isitangazwe wazi kwamba inamhusu pia msichana aliyedanganywa kuwa anakwenda kufanya kazi ya nyumbani, akaishia kuwa mali ya mpiganaji. Itangazwe kwa Kiswahili, isomwe katika redio zetu na ibandikwe katika vituo vya polisi vya Lamu, Mpeketoni, Faza na Kiunga, kwa sababu ulinzi asioujua mtu haumlindi.

Hata hivyo kutomshtaki mwathiriwa ni nusu tu ya kazi, na ndiyo nusu nyepesi. Nusu nyingine ni kumshtaki mtendaji, tena kwa kosa lake halisi. Kenya iliridhia Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mwezi wa Machi 2005, kisha Bunge likatunga Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa ya mwaka 2008, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2009. Kifungu cha 6 kimeyaingiza katika sheria zetu mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya ubinadamu na uhalifu wa kivita, na ndani ya makosa hayo umo ubakaji, utumwa wa ngono na ujauzito wa kulazimishwa. Kifungu cha 8 kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kusikiliza kesi ikiwa kosa lilitendwa Kenya, ikiwa mtendaji au mwathiriwa alikuwa raia wa Kenya, au hata ikiwa mtuhumiwa amepatikana tu ndani ya nchi baada ya kutenda kosa lake kwingine. Kwa maneno mengine, mpaka wa Somalia, ambao wengi huutaja kama kisingizio, hauizuii mahakama yetu hata kidogo.

Nimewahi kuambiwa na wakili mmoja, kwa nia njema, kwamba Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inatosha, kwa kuwa mbakaji hufungwa si chini ya miaka 10 na wanaobaka kwa kundi si chini ya miaka 15. Adhabu hizo si ndogo. Lakini sheria hiyo ilitungwa ikimtazama zaidi mbakaji na mwathiriwa wake. Haikutungwa kwa ajili ya kamanda aliyegawa wasichana kama posho, aliyejua vijana wake wanafanya nini na hakuwazuia wala kuwaadhibu. Kamanda huyo anafikiwa na kanuni ya wajibu wa kiongozi iliyo katika kifungu cha 28 cha Mkataba wa Roma, ambayo Sheria yetu ya 2008 imeikubali. Ukishtaki kwa sheria ya kawaida peke yake umemfunga mshika bunduki, na aliyempangia kazi hajaguswa. Ukishtaki kwa ugaidi peke yake, mwanamke anatoweka kabisa katika hati ya mashtaka, na mwili wake unabaki kuwa maelezo ya pembeni katika kesi ya mabomu.

Yapo maneno mengine nayasikia barazani, na nasikitika kwamba nimeyasikia pia kwa maafisa: kwamba yule alikuwa mke wa mpiganaji, na ugomvi wa mke na mume haufanyiwi kesi ya kivita. Sheria imekwisha kulijibu hili. Dominic Ongwen, aliyekuwa kamanda wa kundi la waasi la Lord's Resistance Army kaskazini mwa Uganda, alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwezi wa Februari 2021 kwa makosa mengi, yakiwemo ndoa za kulazimishwa na ujauzito wa kulazimishwa, akahukumiwa kifungo cha miaka 25. Katika kesi ya Bosco Ntaganda, kamanda wa waasi wa Ituri, mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni kama kwetu, majaji wa rufaa waliamua mwaka 2017 kwamba hata mtu aliye ndani ya kundi lenyewe la wapiganaji anaweza kuwa mwathiriwa wa ubakaji na utumwa wa ngono kama uhalifu wa kivita. Ntaganda alihukumiwa kifungo cha miaka 30 mwezi wa Novemba 2019. Na kwa sisi Waislamu, ambao hao wapiganaji wanajifanya kutufundisha dini, niseme tu kwamba akdi isiyokuwa na walii halali wala ridhaa ya bibi harusi aliyetekwa haiwezi kusimama mbele ya kadhi yeyote wa Lamu. Hakukuwa na ndoa pale.

Nijuavyo, waendesha mashtaka huogopa zaidi ushahidi kuliko sheria. Mwanamke amerudi baada ya mwaka mmoja au mitatu; hakuna fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, iliyojazwa kwa wakati, saa 72 za dawa za kinga zimepita zamani, hakuna sampuli ya kupeleka kwa Mkemia wa Serikali. Ni kweli. Lakini hali ni hiyo hiyo katika karibu kila vita, na kesi zimeshinda. Mwaka 1998, hapa hapa Afrika Mashariki, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha kwa ajili ya Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, na kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Ubakaji haukuwamo kabisa katika hati yake ya kwanza ya mashtaka. Uliingizwa Juni 1997, kesi ikiwa inaendelea, baada ya shahidi aliyeitwa kwa mambo mengine kueleza yaliyompata binti yake mdogo, na jaji mwanamke, Navanethem Pillay, alikuwapo miongoni mwa majaji kuuliza zaidi. Kesi ilijengwa kwa maneno ya wanawake, si kwa vipimo vya maabara. Mahakama hiyo pia ilikubali kwamba mtu aliyezungukwa na watu wenye silaha yumo katika kulazimishwa, hata kama hakuna aliyemwekea panga shingoni. Nasi hapa nyumbani tunacho kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi, kinachoiruhusu mahakama kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa wa kosa la kingono peke yake, mradi iridhike kwamba anasema kweli na iandike sababu zake.

Mtu anaweza kudhani kwamba The Hague, iliko Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, itatusaidia. Haitatusaidia, au itatusaidia kidogo mno. Somalia si mwanachama wa Mkataba wa Roma, na kesi za Kenya zilizopelekwa huko baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 zilikufa zote, ya mwisho ikisitishwa Aprili 2016. Tume ya Waki, iliyozichunguza ghasia hizo, ilirekodi visa 900 vya ukatili wa kingono. Ilibidi manusura waende Mahakama Kuu wenyewe kuishtaki Serikali, wakangoja hadi Desemba 2020, ndipo mahakama ikasema kwamba Serikali ilishindwa kuchunguza na kuwashtaki wahusika, na wanne wakapewa fidia ya shilingi milioni 4 kila mmoja. Miaka 12 na zaidi! Nayaandika haya kwa kuwa najua ofisi yako inaweza kufanya zaidi. Mwezi wa Oktoba 2022 ilitangaza kwamba itawashtaki maafisa wa polisi kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, ukiwemo ubakaji, kwa matukio ya Kisumu ya Agosti 2017, chini ya Sheria hiyo hiyo ya 2008. Ikiwa sheria inaweza kutumika dhidi ya polisi wa Kisumu, inaweza kutumika dhidi ya kamanda wa Al-Shabaab, na kwa kipimo hicho hicho dhidi ya askari wetu wowote watakaothibitika kumdhulumu mwanamke wakati wa operesheni. Sitaki ionekane kwamba naomba haki ya upande mmoja.

Sasa nije kwenye mambo ya hapa, ambayo Nairobi hayaonekani. Kesi ya Mahakama Kuu kutoka Lamu husikilizwa Garsen au Malindi. Mwanamke wa Kiunga atapanda boti, naye wakati wa kusi bahari haina simile, kisha gari, kisha alale kwa watu asiowajua, na akifika kizimbani amkute jirani yake amekaa nyuma akisikiliza. Mji wetu ni mdogo. Ukitaja kabila, umri na kijiji, umekwisha kutaja jina. Huko Kavumu, mashariki mwa Kongo, mahakama ya kijeshi ilihamia kijijini mwaka 2017 kusikiliza kesi ya ubakaji wa watoto wadogo wa kike, mashahidi wakafunikwa wasitambulike, na mwezi wa Desemba watu 11, akiwemo mbunge wa jimbo, wakahukumiwa kifungo cha maisha. Kama Kongo, pamoja na dhiki yake yote, iliweza kuisogeza mahakama kwa watu, sisi hatuna udhuru. Ulinzi wa mashahidi uombwe siku ya kwanza ya kuandikisha taarifa, si wiki ya kusikilizwa kesi.

Kuna pia maslaha. Wazee huketi, hulipa, na kesi huisha kabla haijaanza. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kinasema uamuzi wa kusitisha uchunguzi au kesi ya aina hii si wa polisi wala wa familia. Kwa Katiba ya sasa ni wako. Wakumbushe.

Na wapo wa zamani, ambao sitawasahau kwa kuwa ni watu wangu. Wabajuni waliokimbia visiwa vya Kismayu mwaka 1991 na 1992, wakafika kwetu kwa mashua, walikuja na wanawake waliodhulumiwa na wanamgambo, na wengi wao sasa ni vikongwe. Sheria ya 2008 haikuwapo wakati huo. Lakini Ibara ya 50 ya Katiba inaruhusu mtu ashtakiwe kwa tendo ambalo, wakati lilipotendwa, lilikuwa kosa chini ya sheria ya kimataifa, na ubakaji vitani ulikatazwa na Mikataba ya Geneva tangu 1949. Kesi hizo ni ngumu, nakiri. Kuchukua maelezo yao wangali hai si kugumu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Utumie mamlaka yako ya Ibara ya 157(4) kumwelekeza Inspekta Jenerali wa Polisi afungue uchunguzi wa utumwa wa ngono unaohusu wanawake wa Lamu, Tana River, Kilifi na Mombasa waliopelekwa Somalia. Uteue mwendesha mashtaka mwenye ujuzi wa Sheria ya 2008, akae Malindi, awe na wachunguzi wanawake wanaosema Kibajuni, Kiaweer na Kisomali. Utoe ule waraka wa kinga nilioutaja. Na utujibu hadharani, kwa maandishi, hata kama jibu lenyewe ni kwamba moja kati ya haya haliwezekani na kwa nini, ili anaponiuliza tena mama wa mtu kama mwanawe atafungwa, niwe na karatasi ya kumwonyesha.

Wako kwa heshima,

Msaidizi wa sheria wa kujitolea,
Langoni, Lamu