Kadi ya choo haimo katika ripoti ya kampuni

Mhariri,

Binti yangu yuko chuoni, na muhula huu darasa lao lilipewa kazi ya kusoma taarifa za kampuni za nguo na kujaza majibu katika WikiRate, mtandao wenye makao Berlin ambako mtu yeyote anaweza kusaidia kuzipima kampuni. Tulisoma pamoja mpaka stima ikapotea.

Taarifa nyingi zilitokana na sheria ya Uingereza ya 2015 kuhusu utumwa wa kisasa. Kampuni yenye mapato ya kuanzia pauni milioni 36 kwa mwaka lazima ieleze inaukabili vipi. Nilicheka aliponiambia sheria hiyohiyo inairuhusu kuandika kwamba haijafanya lolote, mradi tu iandike.

Mimi nilishona jinzi miaka 9 katika kiwanda kimoja cha EPZ, eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje ya nchi. Sikitaji, wenzangu bado wamo. Nilikuwa laini ya mifuko. Ukibanwa haja ulingoja kadi ya choo, kadi moja kwa watu 40. Siku ya wakaguzi tuliijua mapema: sabuni ilionekana msalani, barakoa mpya zikagawanywa, na marobota yaliyoziba mlango wa dharura yakahamishwa. Supavaiza alikuwa ametufunza majibu. Jioni barakoa zikakusanywa. Hata barakoa!

Kwa hiyo binti aliposoma kwamba viwanda "hukaguliwa mara kwa mara", nilimsimulia habari za Ali Enterprises, kiwanda cha nguo cha Karachi. Kilipewa cheti cha SA8000, yaani cha kiwanda kinachowatunza wafanyakazi vizuri, Agosti 2012. Septemba 11 mwaka huohuo kikaungua, wakafa watu zaidi ya 250.

WikiRate hudai kila jibu liwe na chanzo, na sawa kabisa, la sivyo shemeji za mwenye kampuni wangeshinda wakimpa nyota tano. Taabu ni kwamba chanzo chenyewe mara nyingi ni karatasi iliyoandikwa na kampuni. Binti akaniuliza, "Mama, hiyo kadi ya choo ningeiwekea chanzo gani?" Nikakosa jibu.

Nimelifikiria tangu hapo. Mwaka 2008, ghasia za uchaguzi zilipopamba moto, Wakenya walianzisha Ushahidi, ramani iliyopokea habari za wananchi hata kwa SMS. Basi wenye mitandao hii watuwekee namba ya SMS, kwa Kiswahili. Mmoja akisema mlango umezibwa, ingojwe. Wakisema kumi wa zamu mbalimbali, iandikwe kando ya ripoti ya kampuni, mnunuzi wa London asome zote mbili. Na siri iwe siri kweli, maana kwenye laini ya watu 40 supavaiza anajua nani hulalamikia nini.

Karatasi pia tunazo. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri atoe hati ya mshahara yenye makato yote. Zangu ziko ndani ya mkebe wa biskuti, na sehemu ya ovataimu ni sufuri karibu kila mwezi, ilhali tulikuwa tukitoka usiku. Binti ameanza kuzipiga picha moja moja, amefunika jina langu kwa kidole gumba.

Fundi wa cherehani,
Kariobangi, Nairobi