Manowari Kuukuu: Barua kwa Baba Zuhura

Likoni, Mombasa

Kwako ndugu yangu Baba Zuhura,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na Mama Zuhura na wajukuu. Huku sisi tu salama, alhamdulillahi. Mguu wa mama watoto umepata nafuu na sasa anakwenda sokoni mwenyewe.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa mpwa wako. Umesema nchi inayonunua manowari iliyokwisha kutumiwa na wengine inanunua kutu, na kwamba ni heri wanamaji wapewe boti mbili mpya kuliko meli moja kubwa iliyochoka. Wewe ndiye uliyenifundisha kuisikiliza injini kabla ya kuifungua, kwa hiyo neno lako silitupi. Lakini hili nimelipima na naona umeulaumu uzee kwa makosa yasiyo yake.

Watazame Wafilipino. Mwaka 2011 walichukua kutoka kwa walinzi wa pwani wa Marekani meli iitwayo Hamilton, iliyoanza kazi mwaka 1967, wakaipa jina Gregorio del Pilar. Utasema hiyo ni bibi kizee. Basi jua kwamba wakati huo jeshi lao bado lilikuwa likiitumia Rajah Humabon, iliyoundwa Marekani mwaka 1943, ikapigana na nyambizi za Wajerumani, ikatumika Japani, ndipo ikafika Manila. Waliistaafisha mwaka 2018. Kwa watu wale Hamilton ilikuwa hatua kubwa mbele: mita 115, dizeli mbili za kusafiria kwa utulivu, na tabaini mbili za jamii ya injini za ndege za kuongezea kasi. Mwezi Aprili 2012 ndiyo waliyoituma kwenye mwamba wa Scarborough, wanaougombania na Wachina, walipowakuta wavuvi wa Kichina ndani ya mwamba ule. Mwamba hatimaye ulibaki mikononi mwa Wachina, hilo silifichi, na hakuna manowari moja ingelizuia. Mwaka 2018 meli hiyo hiyo ikapanda mwamba mwingine, ikabidi kuvutwa. Lakini ilipofika 2020 na 2021, Wafilipino walipopokea manowari mbili mpya kutoka Korea Kusini, walikuwa na maafisa waliokwisha kuzoea kuendesha meli kubwa mbali na nchi kavu kwa wiki nyingi. Mazoezi hayo huyapati kwa boti mbili za doria, hata ziwe mpya namna gani.

Dada zake Hamilton, yaani meli za muundo ule ule, zilikwenda pia Nigeria, Bangladesh, Vietnam na Sri Lanka. Wanigeria waliichukua Chase wakaiita Thunder, na mwaka 2013 wakaipeleka mpaka Sydney kwenye gwaride la manowari. Hebu fikiria, kutoka Lagos hadi Australia kwa meli iliyoundwa wakati wewe na mimi tukiwa watoto.

Kwa nini zile zilifaa? Mimi naona jibu liko ndani ya chumba cha injini. Zilikuwa zikifanya kazi mpaka siku ya kukabidhiwa. Marekani ilizistaafisha moja baada ya moja kwa miaka kumi, kwa hiyo mafundi waliozijua walikuwa bado wapo, na vipuri vilikuwa bado rafuni. Dizeli zake ni za Fairbanks Morse, injini ambayo ukipata fundi mzuri na mafuta safi haikuangushi. Tabaini ndizo zenye ulafi, lakini kwa doria ya kawaida unaweza kuziacha zilale ukatembea kwa dizeli.

Sasa geuka uwatazame Wakanada, nchi tajiri iliyo na wahandisi wa kila namna. Mwingereza alikuwa na nyambizi nne za dizeli, mpya kabisa kwa hesabu za umri, akaziweka kando mwaka 1994 kwa sababu alitaka za nyuklia peke yake. Zikakaa gatini. Mwaka 1998 Kanada ikakubali kuzichukua. Ile ya mwisho, Chicoutimi, ilitoka Faslane, bandari ya wanamaji huko Scotland, Oktoba 2004 kuelekea nyumbani. Bahari ilikuwa chafu, milango ya mnara ilikuwa wazi kwa ajili ya matengenezo, maji yakaingia yakateremka hadi kwenye maungio ya nyaya kubwa za umeme. Maungio hayo hayakuwa yamezibwa sawasawa dhidi ya maji. Moto ukalipuka. Luteni Chris Saunders akafa kwa moshi ule, na nyambizi ikaingia kazini rasmi mwaka 2015.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, ndugu yangu, na kila mara nawafikiria wale vijana ndani ya giza la moshi. Nyambizi ile ilikuwa na umri wa miaka kumi na minne tu. Kilichomuua Saunders si uzee. Chombo kilichokaa muda mrefu bila kazi huharibika pale pasipoonekana: kwenye raba, kwenye vizibo, kwenye nyaya zilizopita nyuma ya kuta. Anayekuja kukikagua huona rangi mpya. Sisi tuliofanya kazi ya chelezo tunajua kwamba meli inayotembea kila wiki, hata ikiwa na miaka thelathini, mara nyingi huwa na afya kuliko ya miaka kumi iliyofungwa kamba.

Wahindi nao waliona yao. Urusi iliwapa meli ya kubebea ndege, Admiral Gorshkov, gamba lenyewe bure, walipie matengenezo tu. Mwaka 2004 wakaandikiana dola milioni 974. Mafundi walipofungua kuta wakakuta nyaya za kubadilisha ni nyingi kupita walivyokadiria, na hadi 2010 hesabu ikawa imefika dola bilioni 2.35. Kwenye majaribio ya 2012 maboila yakaharibika, saba kati ya manane. Waliipokea Novemba 2013, wakaiita Vikramaditya. Haki yao niseme: waliipata na wanaitumia. Lakini wao wana fedha, wana viwanda vyao vya meli, na walikwisha kuitumia kwa miaka mingi Viraat, meli ya Mwingereza iliyoanza kazi 1959. Nchi nyingine ingelifilisika katikati ya njia.

Brazil ndiyo iliyonisikitisha zaidi. Mwaka 2000 walinunua Foch ya Wafaransa kwa dola milioni 12, bei ya kumtia mtu wazimu kwa meli ya mita 265. Wakaiita São Paulo. Bomba la mvuke likapasuka likaua mabaharia wao. Kwa maisha yake yote chini ya bendera ya Brazil ilikaa baharini siku 206 tu. Walipoiuza kuwa chuma chakavu, Uturuki ikaikataa mwaka 2022 kwa ajili ya asbesto iliyokuwamo, zile nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, ikarudishwa ikivutwa, hakuna bandari iliyotaka kuipokea, na Februari 2023 wakaizamisha wenyewe kwenye kina cha mita 5,000. Unaponunua chombo cha watu unanunua na maziko yake, na mazungumzo ya bei hayagusi habari hiyo kamwe.

Niruhusu nitoke kidogo njiani. Zamani mambo yalikwenda kinyume. Seyyid Said, akiwa na pwani hii yote chini yake, alikuwa na manowari ya mizinga 74 iliyoundwa Bombay mwaka 1826, jina lake Liverpool. Mwaka 1836 akampa mfalme wa Uingereza zawadi. Waingereza wakaiita Imaum, wakaitumia miaka na miaka huko Jamaika kama meli ya kupokelea mabaharia. Mwenye nguvu za dunia naye alipokea chombo cha mkono wa pili, wala hakuona haya.

Hata hapa kwetu, Harambee II ya wanamaji wa Kenya ilikuwa ya Wafaransa, ikiitwa La Rieuse, ikifanya doria upande wa Réunion, ikakabidhiwa 2011. Kwa kulinda wavuvi na kufuata majahazi ya magendo, boti ya mita 55 kama ile ina maana yake. Huhitaji makombora kumkamata mtu anayeiba samaki.

Kwa hiyo, Baba Zuhura, kijana wako akikuuliza tena kama inafaa kununua manowari kuukuu, usimwambie hapana. Mwambie aulize mambo kabla ya kuuliza bei. Je, muuzaji bado anazo nyingine za aina hiyo zinazotembea? Je, meli imetoka kazini au imetoka usingizini? Kazi yake ni ipi, kufukuza wezi wa samaki au kupigana vita? Na kubwa kuliko yote, kwetu kuna chelezo la kuipandisha, na watu wa kuifungua na kuifunga tena bila kumngojea fundi kutoka Ulaya? Chile walinunua kwa Mwingereza frigeti tatu zilizokuwa na miaka kumi hadi kumi na sita hivi, wakazipokea kati ya 2006 na 2008, na wanazo mpaka leo zikiwa na rada na makombora mapya. Wana ASMAR, kiwanda chao cha meli, pale Talcahuano. Fedha walizookoa kwenye bei waliziingiza kwenye matengenezo, na hapo ndipo nchi nyingi zinaposhindwa: zinaokoa kwenye bei, kisha zinaokoa tena kwenye vipuri, na vijana wanabaki chini wakifunga bomba kwa vitambaa.

Neno lako la boti mbili mpya nalikubali kwa nchi isiyo na chelezo. Hapo uko sawa, na nitakuunga mkono mbele ya yeyote.

Nijibu kuhusu jambo moja. Unakumbuka yule mkaguzi mzee aliyekuwa akigonga bati za meli kwa nyundo ndogo akijua unene kwa mlio? Nasikia mmoja wa wanafunzi wake yuko huko kwenu Tanga. Ukimpata, mpe namba yangu, nina vijana wanne hapa wanaotaka kujifunza.

Wasalimie wote.

Nduguyo,
Baba Salma