Mwanangu, injini ikizingua wakati unapaa

Mwanangu mpenzi,

Nimesikia mwalimu wako anakaribia kukuachia urushe ndege peke yako, na furaha niliyonayo sijui niiweke wapi, ila kuna jambo nataka ulibebe kabla hujafunga huo mkanda, na nakuandikia badala ya kupiga simu ili uweze kulisoma tena na tena. Ni injini kuzingua pale unapopaa. Injini ikizima ukiwa futi elfu tano unakuwa na urefu na una dakika kadhaa za kufikiri na kutafuta uwanja, lakini ikizima wakati ndo kwanza umeacha ardhi huna urefu huna muda, una sekunde chache tu, na sekunde za mwanzo zote zinaliwa na mshtuko, kila mtu anashtuka hata rubani wa miaka mingi.

Ndo maana uamuzi unafanyika chini, ndege ikiwa imesimama. Kabla hujasukuma throtoli, ule wenzo wa nguvu ya injini, sema kwa sauti, hata kama hakuna wa kukusikia: ikizingua magurudumu yakiwa bado chini nafunga throtoli nakanyaga breki, ikizingua nimeshapaa na ranwei bado ipo mbele natua hapohapo, ikizingua ranwei imeisha nashusha pua natua mbele. Alafu chagua alama katikati ya ranwei, ukifika hapo hujapata asilimia 70 ya spidi ya kuinukia, acha safari, usisubiri uone kama itachangamka.

Vya kukagua unavijua sitavirudia vyote, ila mafuta mama, mafuta! Chota kidogo chini ya kila tenki uangalie kwenye kichupa, maji ni mazito yanakaa chini, na petroli ya ndege ya 100LL lazima iwe ya bluu. Hakikisha swichi ya tenki iko pale inapotakiwa, pima magneto zote mbili zinazotoa cheche za injini, na ukishafungua throtoli yote tupia jicho kwenye mizunguko ya injini na presha ya oili ukiwa bado unakimbia chini.

Sasa ikizima kweli umeshapaa. Kitu cha kwanza kabisa, kabla ya redio na kabla ya kutafuta sababu, ni PUA CHINI. Ulikuwa unapanda, pua iko juu, na panga boi imeacha kuvuta, spidi inaanguka haraka kuliko unavyodhani, na mikono yako itataka kuvuta usukani kwa sababu ardhi inakuogopesha. Sukuma mbele. Ndege nyingi za Cessna 172 zinataka spidi ya noti 65 mpaka 70 hivi (noti ni maili ya baharini kwa saa), kitabu cha ndege yako ndicho kitakupa namba kamili, ijue kama unavyojua jina lako. Ukishaipata hiyo spidi angalia mbele, kama nyuzi 30 kushoto na 30 kulia, chagua mahali pasipo na watu, na kama muda upo funga mafuta, zima magneto, shusha flapsi, vile vibawa vya nyuma ya bawa, mwisho swichi kuu ya umeme. Mayday, wito wa kuomba msaada redioni, kama utaiwahi sawa, usipoiwahi basi, mnara haushiki usukani.

Na usigeuke kurudi ukiwa chini. Najua ranwei iko hapo nyuma inaonekana karibu, lakini kugeuka hakuishii nyuzi 180, ukimaliza hizo unajikuta pembeni ya ranwei inabidi uendelee kukata kona alafu uinyooshe tena, na upepo uliopaa nao usoni sasa uko mgongoni unakusukuma. Ukilaza bawa nyuzi 45 ndege iliyokuwa inastoli, yaani mbawa zinaacha kuibeba, kwenye noti 50 inastoli karibu na 60, ukilaza 60 inastoli kwenye 70, yaani spidi ileile unayoitegemea ndo inakuangusha, na ukistoli huku umekanyaga pedali za usukani wa mkia kuilazimisha kona unaingia kwenye mzunguko ambao kwa urefu huo hakuna wa kukutoa.

Ila kinachonikosesha usingizi zaidi siyo injini kuzima kabisa, ni ile kukohoa, imebaki nusu nguvu. Wachunguzi wa ajali wa Australia waliangalia ndege za injini moja toka 2000 mpaka 2010, wakakuta taarifa 242 za injini kupungua nguvu baada ya kupaa, na 75 za kuzima kabisa, na ajali 9 zilizoua watu zote ziko kwenye hizo za nusu nguvu. Manake injini ikifa umeshaambiwa, unatua. Ikikohoa inakupa tamaa, unaanza kujivuta kurudi uwanjani, pua inapanda taratibu, spidi inaisha hujaona. Kwa hiyo nusu nguvu ichukulie kama inaweza kukata sekunde yoyote: pua chini kwanza, shika spidi yako, kona ziwe za kulala kidogo, na ukiona uwanja mzuri mbele huku bado una nguvu ya kuchagua, tua.

Na ndege isikuume hata kidogo. Mbawa zikatike, magurudumu yang'oke, hayo hayanihusu, nakutaka wewe. Ukigusa chini kwa spidi ndogo ndege ikiwa imenyooka mwili unahimili, ukianguka umestoli hauhimili.

Mwambie mwalimu mpande juu, futi elfu nne hivi kutoka ardhini, weka mkao wa kupaa, apunguze throtoli mpaka mwisho bila kukuambia, kaa kama sekunde nne bila kufanya kitu ndo ugeuke, muone mnapoteza futi ngapi mpaka mmenyooka. Rudieni mara kadhaa, ongezeni akiba ya kutosha juu ya namba mbaya kuliko zote, hiyo ndo iwe futi zako ambazo chini yake hugeuki, na nitumie nizione.

Nakupenda sana,
Baba yako