Pimeni kwanza, zege baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niwaambie wanaopanga kujenga majukwaa kwenye viwanja vya vyuo na shule hapa Tanga: pimeni uwanja kwanza, ndipo mtuite sisi wa zege.

Kuna uwanja wa chuo kikuu cha Harvard, kule Boston, Marekani. Waliohitimu mwaka 1879 walichanga dola 100,000, na uwanja ukafunguliwa mwaka 1903, umbo la U, zege tupu lenye nondo ndani. Wakati huo majukwaa mengi yalikuwa ya mbao, na jengo kubwa namna ile la zege halikuwa na wenzake wengi wa kuigiwa. Mimi niliyezeekea kwenye saruji ya Pongwe nawapa heko.

Mpira wao lakini si huu wa Coastal na African Sports. Ni ule wa Kimarekani, wa kukumbatia mpira na kugongana vifua. Mwaka 1905 vijana walikuwa wanakufa uwanjani, hadi Rais Theodore Roosevelt akawaita wakubwa wa mchezo Ikulu. Likatolewa pendekezo uwanja uongezwe upana futi 40, watu wapate pa kukimbilia. Uongezwe wapi? Pale Harvard zege lilishakauka pande zote mbili. Pendekezo likafia hapo, na badala yake, ili wachezaji wasirundikane, mwaka 1906 ikaruhusiwa mpira kurushwa mbele kwa mkono. Ile mipira mirefu wanayoishangilia leo kwenye runinga, jukwaa lile lina mkono wake.

Wale kanuni zilikuwa zao, wakazibadili. Sisi tukibana uwanja, atatubadilishia nani? FIFA?

Nimeona kiwanja cha taasisi moja, sitaitaja. Ngazi ya kwanza ya jukwaa iko hatua moja tu kutoka mstari wa pembeni. Winga akiteleza, ugoko unakwenda kwenye ukingo wa zege. Sasa wamefunga matairi chakavu ya gari pale, kama gatini. Kona za upande ule mpigaji hana pa kurudi nyuma, anaanzia juu ya ngazi! Msimamizi alipoambiwa mapema alijibu, "Mzee, ramani imeshapitishwa." Haya.

Mita 105 kwa 68 ni mistari tu. Nje yake mchezaji anahitaji pa kusimamia, mshika kibendera pa kukimbilia, na masika yetu mnayajua, maji yanahitaji mtaro. Hayo yote yapimwe kabla ya jukwaa kupewa sehemu yake, maana wengi huanza na jukwaa ili mgeni rasmi apate kivuli.

Kama kuna mahali hapa mjini mashimo ya nguzo bado hayajamwagwa zege, sogezeni vigingi nyuma. Ni kazi ya nusu siku, na kamba ya kupimia ninayo.

Fundi zege mstaafu,
Makorora, Tanga