Maoni ya Mei kuhusu kawi safi huwa yamechelewa

Kwa Mhariri,

Kila Mei, kaunti za Kenya zikikusanya maoni kuhusu bajeti, kumbi za wadi hujaa. Wapenzi wa mazingira hufika na fulana za kijani, huomba sola kwa zahanati na ulinzi wa msitu, karani huandika, chai hunywewa. Juni bajeti ya kaunti hupitishwa na ombi halimo. Watu hulalamika kuwa wamehujumiwa, kumbe mara nyingi wamechelewa tu.

Makadirio ya bajeti hufika katika bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili kupita. Lakini kiasi ambacho kila idara haiwezi kukizidi hupangwa katika taarifa ya mikakati ya fedha, ambayo mwisho wake ni 28 Februari. Miradi nayo huorodheshwa mapema zaidi, katika mpango wa maendeleo wa mwaka unaowasilishwa kufikia 1 Septemba. Kwa hivyo anayetaka fedha za mwaka wa bajeti unaoanza Julai mwakani apeleke karatasi yake Julai au Agosti mwaka huu, kwa idara husika, na nakala kwa mwakilishi wadi na kwa karani wa bunge. Mei kilichobaki ni kung'ang'ania hela za mradi mwingine wa idara hiyo hiyo.

Ombi la "tunataka kawi safi" halina safu ya kuandikwa. Taja zahanati, wadi, gharama, hati ya ardhi, na ukurasa wa Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa kaunti wa 2023–2027 unaogusa jambo hilo. Usipoupata huo ukurasa, maafisa wana sababu halali ya kukukatalia. Tena usiiombe kaunti jiko la gesi la shule ya upili. Hiyo ni kazi ya serikali ya kitaifa. Zahanati, vituo vya afya, chekechea na masoko ndiyo mali ya kaunti.

Hesabu ya sola ya zahanati nayo iwe ya kweli. Taa 6 za wati 10 zikiwaka saa 6 hutumia wati-saa 360. Kompyuta ya wati 60 kwa saa 6 ni 360 nyingine. Darubini ya maabara ya wati 30 kwa saa 5 ni 150, na simu tuseme 130. Jumla ni 1,000 kwa siku. Kwa saa 5 za jua kali, na asilimia 30 ikipotea njiani, paneli za wati 300 zinatosha kwa shida, omba 400. Akiba ya siku 2 za mawingu ni 2,000: betri ya lithiamu inayotumika hadi asilimia 80 iwe ya wati-saa 2,500, na ya risasi na asidi, ambayo huharibika haraka ikishushwa chini ya nusu, iwe ya 4,000. Jokofu la chanjo lisitiwe humu. Lipe paneli zake. Kuna aina inayotunza baridi kwa barafu bila betri yoyote.

Si paneli zinazoua miradi hii. Betri huchoka na hakuna aliyepanga fedha za kuibadilisha, kwa sababu ununuzi ulitoka kwenye fungu la maendeleo na matengenezo yako kwenye matumizi ya kawaida. Omba mafungu yote mawili kwa barua moja. Omba pia tangazo ukutani: birika la umeme la wati 2,000 huangusha inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa matumizi ya kawaida) ya wati 1,000 papo hapo. (Miti ina ugonjwa uo huo: miche hununuliwa, ua na maji ya kiangazi hayana fungu, na picha ya mgeni wa heshima akishika jembe hudumu kuliko mche.)

Kifungu cha 5 cha Sheria ya Kawi ya 2019 kinaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa kawi. Uuombe kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Afisa ana siku 21 za kujibu. Kaunti ya Makueni, kwa kanuni zake za 2015, ilitenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo kwa hazina ya tabianchi. Kama kaunti yako ina hazina ya aina hiyo, usiulize imetengewa ngapi, uliza imepokea ngapi. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti hutoka kila robo mwaka, na safu ya matumizi halisi iko kando ya ile ya mgao.

Msomaji wako,
Wundanyi